Glukosi Ndani ya Chupa ya Kushoto

Kila asubuhi ya likizo ile, Chiriku na mama yake walipita lango la kiwanda cha gundi pamoja, mmoja na koti lake jeupe mkononi, mwingine na mkoba wa vitabu mgongoni. Bibi, ambaye kwa kawaida ndiye aliyebaki na Chiriku nyumbani, alikuwa amesafiri kwenda kumhudumia shangazi aliyejifungua. Basi ikawa mama akienda kazini, Chiriku naye yuko kazini.

Jina la Chiriku, ndege asiyenyamaza, alipewa angali mdogo, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Alisema akila, alisema akifua, na bibi aliapa kwamba alisema hata akilala. Mama hakuwa msemaji. Alikuwa daktari, lakini si wa hospitali, jambo ambalo majirani hawakulielewa kabisa. Mara kwa mara walimletea watoto wenye homa, naye akawaelekeza zahanati kwa upole. Wagonjwa wake yeye hawakuonekana kwa macho.

Walikuwa bakteria. Gundi ya kiwanda kile ilihitaji kemikali iliyotokana na mafuta ya petroli, na mama alitaka kuipata kwa njia nyingine. Alikuwa amebadilisha vinasaba vya bakteria hao ili wale methanoli, aina rahisi ya pombe ya kiwandani, na kuigeuza kuwa kemikali ileile.

"Kwa hiyo ni walevi?" Chiriku aliuliza siku ya kwanza.

"Wao ni wafanyakazi. Mlevi ni mtu," mama alijibu. "Na methanoli hainywewi, mwanangu. Ni sumu. Funda moja linaweza kukupofusha, na zaidi ya hapo inaua. Ndiyo maana kuna ule mstari."

Mstari wenyewe ulikuwa mwekundu, umepakwa sakafuni katikati ya maabara. Upande wa mlangoni kulikuwa na meza, kiti na birika la chai. Huko Chiriku aliruhusiwa kukaa na kusoma. Upande wa pili kulikuwa na mashine, hadubini na chupa, na huko hakuna aliyeingia bila koti, glavu na ruhusa ya mama. Hata Meneja wa kiwanda alisimama mstarini akaomba njia.

Juu ya mashine ya kutikisa zilikaa chupa mbili pacha, zimezibwa kwa pamba, zikizunguka polepole mchana kutwa. Ndani yake mlikuwa na kizazi kipya cha bakteria, bora kuliko vyote vilivyotangulia. Shida ni kwamba walikua kwa kujivuta. Maji yao yalikuwa bado meupe kidogo tu, kama yaliyodondoshewa tone la maziwa, na Meneja alitaka tangi kubwa lianze kazi kesho yake.

"Nimekuvumilia vya kutosha, Daktari," alisema akiwa amesimama mstarini. "Kesho tangi likishindwa, nalirudisha kwenye gundi ya kawaida, na habari za vijidudu zinaishia hapo."

Mama aliitikia kwa kichwa. Meneja alipoondoka, alisimama mbele ya zile chupa kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama mzazi anayesubiri matokeo ya mtihani. Chiriku alimwangalia na moyo ukamuuma. Tangu apate akili zake, mama alikuwa akifanya kazi hii hii.

Fundi wa matangi, ambaye Chiriku alimwita mjomba kwa kuwa mama alimwita kaka, alijaribu kuchangamsha hali. "Wasilaumiwe, Daktari. Hebu nawe ushinde kwa spiriti tupu asubuhi mpaka jioni uone kama utanenepa."

Mama alitabasamu kidogo, kisha wote wawili wakatoka kwenda kulikagua tangi. Utani uliisha kwao, lakini kwa Chiriku ulibaki. Alizitazama chupa zikizunguka, akawahurumia wale viumbe. Mezani, kando ya birika, palikuwa na kopo la glukosi la fundi, ambaye hakucheza mpira bila kuilamba kwanza. Mwenyewe alisema inatia nguvu papo hapo.

Chiriku alichukua kijiko. Akauvuka mstari.

Alitaka kuwagawia wote sawasawa, maana nyumbani kwao hakuna aliyekula mwenzake akitazama. Alichomoa pamba ya chupa ya kushoto, akamimina kijiko kizima, akarudisha pamba. Kabla hajaigusa ya kulia alisikia hatua za watu. Alirudi kitini mbio, akafungua kitabu cha sayansi, na laiti angalikisoma.

Asubuhi iliyofuata mama ndiye aliyeona kwanza. Alisimama ghafla, glavu moja mkononi na nyingine ikining'inia. Chupa ya kulia ilikuwa kama jana, imeongezeka kidogo tu. Ya kushoto ilikuwa imekuwa nzito, kama maji yaliyooshewa mchele.

"Kaka, njoo," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo uone."

Fundi alikuja, akapiga mluzi. Mama alicheka. Chiriku hakuwa amemsikia akicheka hivyo siku nyingi, naye akaona fahari imemjaa kifuani. Aliwashibisha, nao wakanenepa. Alikuwa amefungua mdomo aseme, mama alipomgeukia.

"Ni chupa zilezile, chakula kilekile. Kwa nini moja tu?" Uso wake ulikuwa na furaha, lakini macho yalikuwa makali. "Kuna aliyezigusa? Chiriku?"

Yale macho ndiyo yaliyomtisha. Alikumbuka mstari, akakumbuka onyo.

"Hapana, mama. Mimi nilikuwa nasoma."

Neno likatoka, wala halikurudi. Mama alishusha pumzi. "Basi tumebahatika. Tutamimina ya kushoto. Kaka, chemsha tangi."

Fundi alilisafisha tangi kwa mvuke wa moto mpaka madirisha yakatoka jasho. Kila mara alipopita mezani alimtupia Chiriku neno, na kila mara halikujibiwa. Mwishowe alisimama.

"Leo vipi? Umelamba gundi, midomo imeshikana?"

Chiriku alitikisa kichwa. Fundi alichukua kopo lake la glukosi, akalipima mkononi, akachungulia ndani. "Humu kuna panya anayejua kutumia kijiko," alisema, akaenda zake akicheka. Chiriku hakucheka. Alijiambia hakuna ubaya, kwani bakteria wamekua, na kukua ndiko kulikotakiwa. Lakini kama hakuna ubaya, mbona alidanganya?

"Mjomba," aliuliza fundi aliporudi, sauti yake ndogo. "Hawa bakteria wakila kitu kingine, inakuwaje?"

"Kitu gani?"

"Kitu chochote. Kitu kitamu."

Fundi alikuwa akikaza nati, hakuinua macho. "Wanasahau kazi. Mama yako aliwaongezea vinasaba vya kula methanoli, na huo ni mzigo kuubeba. Sasa ukiweka kitamu, yule mvivu aliyeutupa mzigo ndiye anayekimbia. Anazaa, anazaa, mpaka wachapakazi wanazidiwa. Ukija kumrudisha kwenye methanoli, hawezi kuila tena. Anakufa, na tangi zima linaoza."

"Lakini si wapo wengine kwenye friji?"

"Wale ni wa vizazi vya zamani, wanakua polepole zaidi, Meneja hatawasubiri. Wapya hawa wako katika chupa mbili tu. Mama yako alitaka kuwawekea akiba jana, lakini kazi zilimzonga." Akanyanyuka, akapangusa mikono. "Ndiyo, tangi tayari!"

Meneja aliingia na simu mkononi ili apige picha. Pampu iliwashwa, maabara ikajaa muungurumo. Mama alivaa miwani ya kinga, akaichukua chupa ya kushoto kwa mikono miwili. Fundi aliwasha moto, akauzungusha kwenye mdomo wa tangi ili kuua vijidudu wa nje. Mama alichomoa pamba.

"Mama, usimimine," Chiriku alisema.

Hakuna aliyesikia. Pampu iliimeza sauti yake. Mama aliinamisha chupa, maji mazito yakajikusanya shingoni. Alijua akikaa kimya hakuna atakayejua kamwe, maana ushahidi wote ungezama tangini. Alijua pia kwamba kazi ya mama ingezama humo humo.

Aliuvuka mstari kwa mara ya pili. Akashika koti la mama kwa ngumi zote mbili, akavuta.

"Nimewapa glukosi," alisema, machozi yakimtiririka. "Ile ya kushoto. Jana. Nilidanganya, mama. Usimimine."

Mama aliinyanyua chupa. Fundi alizima pampu. Meneja alishusha simu.

"Glukosi," Meneja alirudia. "Mradi mzima, na mtoto kaukoroga kama uji."

Mama alimtazama Chiriku, uso umempauka. "Ya kulia uliigusa?"

"Hapana. Mlirudi kabla sijaifikia."

"Una hakika? Sasa hivi ndipo ukweli wako una thamani."

"Nina hakika, mama."

Mama alifumba macho, akayafumbua, akamgeukia Meneja. "Mtoto ni wangu na maabara ni yangu, kwa hiyo kosa ni langu. Nipe siku chache. Nitachukua tone kutoka kila chupa, niliweke kwenye chupa ndogo yenye maji na methanoli pekee. Ya kulia ikikua, tangi litaanza."

"Na isipokua?"

"Basi chukua tangi lako."

Meneja alinung'unika, akaangalia saa, akaangalia dari, akakubali.

Siku zile zilikuwa ndefu. Chiriku alifikichwa na wasiwasi kama nguo chafu. Usiku hakusema usingizini, bibi angeshangaa. Mchana, upande wake wa mstari, aliosha chupa tupu walizomletea, beseni kwa beseni, na hakuna aliyemhimiza. Kila asubuhi alimwangalia mama akiinua chupa mbili ndogo kwenye mwanga wa dirisha, na kila asubuhi zote zilikuwa maji matupu.

Kisha siku moja mama aliziinua, akazishusha, akaziinua tena.

"Chiriku," alisema. "Vaa koti na glavu. Njoo."

Koti lilimfika miguuni. Mama alimpa chupa ndogo zote mbili. Ile yenye tone la chupa ya kushoto ilikuwa bado maji matupu, haina uhai. Ya kulia ilikuwa imeanza kutia ukungu, wingu jepesi likizunguka ndani yake.

"Wanakula," Chiriku alinong'ona.

"Wanakula. Na safari hii nimewawekea akiba kwanza." Mama aliketi kwenye kiti kirefu, macho yao yakawa sawa. "Umenitia hofu ambayo sitaisahau. Kuvuka mstari lilikuwa kosa, na hao uliowahurumia ndio uliowaua. Huruma bila kuuliza inaweza kuharibu kuliko chuki. Lakini kosa hilo tungelitengeneza asubuhi ile ile. Uongo wako ndio uliotufikisha mdomoni mwa tangi."

"Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe siku ile uliponivuta koti. Nami nina langu. Niliona chupa moja imenenepa bila sababu, nikaacha kuuliza kwa kuwa jibu lilikuwa tamu." Akaichukua chupa iliyokufa, akaishika kwenye mwanga. "Uongo ni glukosi, mwanangu. Siku ya kwanza kila kitu kinaonekana kimenawiri. Ukitaka kujua kama kipo hai, kirudishe kwenye ukweli."

Mlangoni fundi alikohoa. "Tangi limechemka, Daktari. Na kopo langu la glukosi nimelifungia kabatini."

"Mjomba, kwani nitakuibia tena?" Chiriku aliuliza. "Halafu ile glukosi yenyewe ilikuwa imeganda chini, tena kijiko chako kina kutu, na hata hivyo mpira wenyewe mlifungwa..."

"Chiriku wetu karudi," fundi alisema, akaenda kuwasha pampu.