Mchumba Wangu Jukwaani na Somo Langu

Nilisukuma mlango wa ukumbi wa kazini... nikaganda!

Mchumba wangu alikuwa jukwaani. Kipaza sauti mkononi, tai niliyomnunulia mimi shingoni, anafundisha SOMO LANGU!

Siyo linalofanana na langu, jamani. Langu! Mifano yangu, picha zangu, hadi utani wangu wa kuamshia wanaosinzia.

Na asubuhi hiyohiyo alinitumia ujumbe: "Baby, kikao cha somo lako kimeahirishwa, pumzika." Nilikuwa nimepita ofisini kufuata chaja tu!

Ngoja niwaweke sawa. Kampuni yetu inaandika programu za kuendesha lifti. Sisi tukikosea, mlango unafunguka na lifti haipo. Ndiyo maana mkurugenzi alitaka tuanze kutumia lugha mpya ya kompyuta. Katika lugha hii hutoi amri kwa mashine, fanya hiki kisha kile. Unaandika milinganyo inayoeleza kitu ni nini, halafu yenyewe inakokotoa na kukagua.

Ambaye angeitambulisha vizuri kwa wenzake angekuwa mkuu wa kitengo cha ukaguzi. Nafasi hiyo niliitaka kwa roho yangu yote.

Somo la utangulizi nililiandaa nyumbani, nikimsomea mchumba wangu kila kipande. Yeye, ambaye ofisini kwetu wanamwita Profesa, alikuwa akiangalia mpira na kuitikia "mmh, mmh, mwerevu wangu".

Sasa yuko jukwaani! Mstari wa mbele kakaa mkurugenzi, mama asiyechekacheka. Pembeni yake nani? Mama mkwe wangu mtarajiwa, kaletwa kumwona mwanawe aking'ara!

Nilitaka kupiga kelele. Halafu nikasema hapana... huyu namla taratibu.

Nikakaa nyuma, nikanyoosha mkono.

"Profesa, nina swali."

Aliponiona uso ukamshuka.

"Eeh... karibu, dada."

DADA! Mimi, dada!

"Iambie mashine kwamba kwenye kujumlisha, kipi kinatangulia si hoja."

Akatabasamu. Alidhani nimempa mtelezo.

"Mbona rahisi sana?" Akaandika kwenye skrini kubwa: x + y = y + x.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya, ipe a + b ikokotoe."

Akabonyeza.

Kimya... Feni ya kompyuta ikaanza kuvuma. Jibu hakuna!

"Ni mtandao huu," akasema, jasho linamtoka.

"Hiyo kompyuta haijaunganishwa na mtandao," fundi mitambo akamjibu. Ukumbi ukaangua kicheko.

Nikaenda jukwaani polepole, nikifaidi kila hatua. Nikamnyang'anya kipaza sauti.

"Darasani mlinganyo huu ni kweli. Lakini mashine hii inausoma kama amri: ukiona cha kushoto, weka cha kulia. Ikiona a + b, inageuza iwe b + a. Hiyo nayo ni kujumlisha, inageuza tena. Itageuza hadi umeme ukatike! Tabia ya kutojali kipi kinatangulia unaitaja pale unapoitambulisha alama yenyewe ya kujumlisha, huiandiki kama mlinganyo."

Nikasimamisha mashine, nikaandika inavyotakiwa. Jibu likaja hapohapo.

"Na hili nilikuambia, Profesa. Ulikuwa unaangalia mpira."

Mkurugenzi akavua miwani.

"Kumbe somo ni lako? Huyu kaniambia umemwachia, eti mkifunga ndoa unaacha kazi."

"NINI?"

Kabla sijamrukia, mama mkwe akasimama, mkoba kaukumbatia.

"Ndoa ipi tena? Mwanangu, si uliniambia mlishaachana? Kesho si tunapeleka posa kwa yule binti wa duka la dawa?"

Jamani... lifti zilisahaulika ukumbi mzima!

Roho iliniuma, sitawaficha. Lakini machozi hakuyaona. Nikavua pete, nikaiweka juu ya kibodi.

"Mama, namba ya huyo binti unayo?"

"Mama, usimpe!" Profesa akapiga kelele.

"Ninayo, mwanangu. Andika."

Nikampigia palepale, simu nimeiweka kwenye kipaza sauti. Nikajitambulisha, nikamweleza yote. Binti wa watu akauliza:

"Huyo mwanamume yupo hapo?"

"Yupo."

"Aseme mwenyewe kama ni uongo."

Nikamsogezea Profesa kipaza sauti. Akakisukuma pembeni.

"Basi kesho wasije," binti akasema, akakata.

Kitengo nilipewa mimi. Profesa aliomba kuhamishiwa tawi lingine, na ombi likaja mezani kwangu. Nikalikataa! Kila Jumatatu anakaa darasani kwangu na wanaoanza, ananiita Bosi. Mtasema nina roho mbaya. Semeni tu, mimi nalala usingizi mzuri.

Ila dada zangu, na nyie kaka zangu, shikeni hili: anayekusifia mkiwa wawili tu, msikilize anakutajaje mbele za watu. Mimi niliitwa mwerevu sebuleni miaka yote, na ukumbini nikawa "dada".