Namba ya Gari la Tasleem

Mambo haya yalimfika rafiki yangu Noormohamed, muuza vitambaa wa Mji wa Kale, katika miaka ya vita. Alikuwa akimchongea binti yake Tasleem gari dogo la mashindano, mtoto akafariki kwa homa. Baada ya arobaini aliamua kulimaliza. Alilipaka rangi nyekundu, akaisubiri ikauke. Ikabaki namba tu, ya karatasi nyembamba inayolowekwa majini kabla ya kubandikwa. Alikuwa na namba mbili, ya nne na ya tisa, wala hakukumbuka mtoto alichagua ipi.

“Weka yoyote, bwana,” mkewe Khursheed alimwambia. “Gari lenyewe la nani tena?”

“La Tasleem. Sitaki kumkosea.”

Akazitia zote mbili kwenye sahani ya maji, na kando yake akaweka kitambaa cha kuikandamizia karatasi ili hewa itoke chini yake. Mara king’ora cha vita kikalia, nao wakazima taa, wakakaa gizani wameshikana mikono. Wakasikia maji yakitikisika, kisha karatasi mbichi ikiteleza.

“Ni wewe?” Khursheed alinong’ona.

“Mikono yangu si unayo wewe?”

Alipowasha kibiriti, tisa ilikuwa imekaa mlangoni mwa gari, imenyooka, na juu yake kile kitambaa, sasa kimerowa, kilikuwa chenyewe kikienda na kurudi polepole, kikiyatoa mapovu ya hewa.