Kwao Afiya ni Barani

Kila asubuhi Pamela na Afiya walikwenda mferejini pamoja kuteka maji ya bomba. Walikuwa majirani wa mlango kwa mlango, hapa mtaa wa Barani, Malindi. Pamela ni Mgiriama aliyezaliwa Marafa. Afiya ni Muislamu aliyezaliwa Mambrui. Walikopeshana chumvi na makaa, na watoto wao walilala nyumba yoyote usingizi ulipowakuta.

Mwezi wa Januari, watu wa mtaa walikutana kuchagua mwenyekiti wa kamati ya maji. Mfereji ulikuwa mmoja na ugomvi ulikuwa mwingi. Pamela akataja jina la Afiya. Watu wakapiga makofi.

Ndipo Ngowa, fundi wa baiskeli, akasimama.

"Babake Afiya ni Mpemba," akasema. "Mwaka huu Zanzibar yatimiza miaka sitini ya Mapinduzi. Mzee ashinda na redio akisikiliza sherehe za kwao, mpaka alia. Moyo wake uko kisiwani. Bintiye atatuongozaje sisi?"

Baadhi wakacheka. Afiya akamtazama Pamela. Pamela akainamisha kichwa, hakusema neno. Mkutano ukaahirishwa hadi Jumapili.

Tangu hapo Afiya hakuonekana mferejini. Alinunua maji ya mkokoteni. Pamela akaenda kubisha hodi.

"Afiya, dada, ni mimi."

"Nina kazi, Pamela," sauti ikajibu kutoka ndani. Mlango haukufunguliwa.

Pamela alirudi kwake. Jioni akamwendea Mapenzi, mwalimu wa ngumbaru, masomo ya watu wazima.

"Mwalimu, mtoto wa Mpemba si Mkenya?"

"Ni Mkenya," Mapenzi akajibu. "Wapemba wameishi pwani hii miaka mingi. Wengi hawakuwa na vitambulisho. Mwaka jana serikali iliwatambua rasmi kuwa raia. Afiya kitambulisho anacho. Ana haki ya kuchagua na kuchaguliwa, kama wewe."

"Na machozi ya mzee?"

"Wewe ukisikia ngoma za Marafa moyo wako huruka. Je, waacha kuwa mtu wa Barani?"

Pamela akatabasamu kidogo. "Basi nifanyeje?"

"Ulinyamaza mbele ya watu. Sema mbele ya watu. Lakini kwanza kamuulize mzee alia nini. Miaka yote hii, nani amemuuliza?"

Kesho yake Pamela alimkuta Mzee Seif, babake Afiya, barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Pamela akamuuliza. Mzee akaizima redio.

"Mapinduzi yale, wako waliofurahi na wako waliopoteza watu wao," akasema. "Mimi nilikuwa kijana, nishakuja huku kutafuta kazi. Mamangu alibaki Wete, kule Pemba. Sikumuona tena. Pemba ikitajwa, namkumbuka yeye tu."

Afiya alikuwa amesimama mlangoni. "Hata mimi hukunambia, baba," akasema.

Pamela akamshika mkono. "Nisamehe. Niliogopa kuchekwa."

Afiya hakuuondoa mkono wake.

Jumapili Pamela alisimama mkutanoni. Akaeleza sheria, kama alivyoelezwa na Mapenzi. Kisha akasema, "Mzee Seif amlilia mamake. Ni kosa hilo? Sote hapa wazee wetu walitoka mahali. Ngowa, wako walitoka wapi?"

Ngowa akajikuna kichwa. "Ng'ambo ya mto Sabaki," akasema polepole. "Wazungu waliwafukuza mashambani mwao, wakati wa vita vya Wagiriama, mwaka wa 1914. Nyanyake baba alivuka mto na mtoto mgongoni. Mtoto yule ndiye babu yangu."

"Na alipofika huku?"

"Alipokewa na Waswahili. Walimpa pa kulala."

Pamela akaomba kura ipigwe. Ngowa mwenyewe akawa wa kwanza kuinua mkono kumchagua Afiya.

Afiya alipanga zamu za maji. Wazee na wajawazito walitekewa kwanza. Baada ya wiki chache makelele ya mferejini yakatulia.

Ijumaa moja Ngowa alifika barazani kwa Mzee Seif, kofia mkononi.

"Mzee, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi umepata. Sasa kaa, unipe habari za bibi yule aliyevuka mto."

Ngowa akakaa. Afiya akaleta chai, Pamela akaleta mahamri. Wakazungumza, huyu ya Sabaki, yule ya Wete, mpaka alasiri ikaadhiniwa.

Alipofika, Ngowa alimwita "mzee". Alipoaga, alimwita "baba".