Matundu Yaliyozibwa kwa Ndani

Kila asubuhi ya likizo ya mwezi wa sita, Bertilla alijaza uji wa ulezi katika chupa ya chai, akaiviringisha kwa kanga kuukuu na kushika njia ya kituo cha afya. Kutoka nyumbani kwa shangazi yake Fortunata, nje kidogo ya barabara iendayo Laela, ulikuwa mwendo wa dakika ishirini tu. Lakini dakika ishirini za mwezi wa sita juu ya uwanda wa Ufipa si mchezo. Upepo wa mashariki hukata masikio, na nyasi za kando ya njia huwa zimeganda umande mpaka zinalia chini ya viatu.

Bertilla alikuwa na miaka kumi na miwili, na uji huo ulikuwa wa mama yake, Dominika. Kijiji chao kilikuwa mbali na huduma, na ujauzito wa kabla ya huu ulikuwa umemtesa sana mama. Kwa hiyo safari hii nesi alimwagiza aje mapema, akae katika nyumba ya wajawazito, jengo dogo la chumba kimoja lililokuwa nyuma ya wodi, asubiri siku zake pale. Alikaa humo na mwenzake mmoja, Mboje. Mumewe Mboje, Bundala, alikuwa amepandisha ng'ombe wake uwandani mwaka uleule kutoka bondeni, upande wa Muze, ambako watu hulala bila shuka kwa joto. Maskini Mboje, baridi ya huku juu ilimtesa kuliko ujauzito wenyewe.

Chumba chao kilikuwa kizuri kwa macho: bati jipya, sakafu laini, kuta nyeupe. Ila juu ya madirisha kulikuwa na safu ya matundu sita ya hewa, na yote yalitazama mashariki, kule kule unakotoka upepo. Usiku, madirisha yakifungwa, upepo uliingia kwa matundu hayo ukawashukia wanawake vichwani. Mama yake Bertilla alilala amejifunga vitambaa viwili kichwani. Hakulalamika sana, lakini asubuhi midomo yake ilikuwa imepasuka, na Bertilla alipoiona roho ilimuuma.

Jumanne alichukua vipande vya salfeti, ule mfuko wa kuwekea nafaka, akapanda juu ya kitanda na kuyaziba matundu yote. Jumatano nesi Getruda aliingia, akatazama juu, akavitoa kimoja baada ya kingine. Aliuliza kwa upole ni nani aliyefanya vile. Mama na Mboje walikuwa nje wanaota jua, na ndani alikuwamo Bertilla peke yake. Bertilla akatazama vidole vyake vya miguu, akasema hajui.

Nesi Getruda hakumbana. Alimwambia tu kwamba matundu yale ni pua za nyumba, na nyumba ya wagonjwa haizibwi pua. Bertilla aliitika ndiyo nesi, lakini moyoni alisema nesi ana koti zito, hajui anayoyasema.

Sasa sikilizeni kosa lake, maana ni kosa la mtoto wa Kifipa hasa, aliyelelewa vizuri. Kwao, kipupwe kikikaribia, wanawake na watoto huchanganya udongo na majivu, wakapita nyumba nzima wakikandika kila ufa. Bertilla alikuwa hodari wa kazi hiyo. Bibi yake alizoea kumsifu kwamba ukuta aliokandika yeye haupitishi hata sisimizi. Basi Alhamisi, mama na Mboje wakiwa juani, alikuja na ndoo ya udongo, akayaziba matundu yote sita kwa ndani, akalainisha kwa kiganja, kisha akapaka udongo mweupe juu yake. Ukuta ukawa ukuta mmoja, na matundu hayakuonekana tena.

Ijumaa Mboje alimshukuru Mungu kwamba upepo umetulia. Bertilla alicheka kimyakimya, akajiona mjanja kuliko kituo kizima.

Jumamosi alifika na uji wake kama kawaida, akakuta mlango umefungwa na kanga imesokotwa chini yake kuziba upenyo. Aligonga, akaita mama, hakuna aliyeitika. Alidhani wamelala fofofo kwa raha ya joto. Akasukuma mlango kwa bega.

Joto zito lilimpiga usoni. Mboje alikuwa chini sakafuni, hatua mbili tu kutoka mlangoni, mkono mmoja umenyooka mbele kama aliyekuwa akienda kufungua. Mama alikuwa kitandani, uso wake mwekundu mwekundu, mdomo wazi. Bertilla alimtikisa. Kichwa cha mama kiligeuka upande kikabaki hukohuko, kizito, na ile chupa ya uji ikamponyoka Bertilla ikapasuka ndani. Hakusikia hata mlio wake. Kisha akapiga ukelele uliowatoa watu wodini.

Nesi Getruda alikuja mbio, nyuma yake daktari Nestory. Waliwabeba wale wanawake mmoja mmoja, wakawalaza nje juu ya magodoro, kando ya ukuta wa chumba. Walikuwa hai, pumzi zao fupi na hafifu. Nesi aliweka sikio kwenye kifaa chake juu ya tumbo la mama, akasikiliza, akasogeza, akasikiliza tena. Bertilla alimtazama usoni akitafuta jibu, akaona uso umekunjamana tu.

Daktari Nestory aliuliza walikula nini jana. Bertilla akasema maharage na ugali, alipika shangazi, akaleta yeye. Hapo macho ya watu wote yalimgeukia. Nesi alisema anahofia moshi wa mkaa, kwa kuwa amewahi kuona watu wa hivyo. Daktari alitazama huku na huku mlangoni, hakuona jiko. Kisha akanyoosha kidole juu, kwenye ukuta wa nje, ambako matundu sita yalionekana wazi kabisa, meusi, yamepangana sawasawa.

"Chumba kina hewa, Getruda," alisema. "Hii ni sumu ya chakula. Tuanze na hiyo, tusipoteze muda."

Bertilla aliyajua yale matundu, na alijua kwamba ukiyatazama kutoka nje yanadanganya. Akinyamaza, hakuna atakayejua, na lawama itamwendea shangazi na maharage yake. Akisema, kila mtu atajua ni yeye. Alimtazama mama yake, akaona povu dogo pembeni mwa mdomo, na aibu yote ikamtoka.

"Daktari, hayapitishi hewa," alisema. "Yamezibwa kwa ndani. Nimeyaziba mimi kwa udongo."

Nesi Getruda aliingia chumbani, akapitisha kiganja ukutani, kisha akainama chini ya kitanda cha Mboje. Alitoka na jiko dogo la mkaa lililokuwa limefichwa nyuma ya ndoo, majivu yake bado ya moto. Mboje alijua ni marufuku kulala na jiko, ndiyo maana alilificha.

Daktari Nestory hakubishana tena. Aliamuru oksijeni, na mashine ya wodini ikaletwa pamoja na mtungi wa akiba. Wakawavika wanawake wote wawili vifuniko vya pua na mdomo palepale nje, huku dereva akiandaa gari la wagonjwa. Nesi alirudia kusikiliza tumbo la mama, kisha la Mboje. Safari hii alifumba macho, akahesabu kwa kidole hewani, akamwambia Bertilla kwamba mioyo ya watoto wote wawili inapiga, ila kwa shida. Bertilla alikaa chini kwenye vumbi akalia mpaka kamasi zikamjaa.

Mboje ndiye aliyezinduka kwanza, gari likiwa linawashwa. Alimwona nesi ameshika jiko, akaanza kuomba msamaha. Alisema baridi ilimzidi, na alijua mkaa una madhara, lakini huko bondeni alisikia kwamba mahali penye matundu ya juu hapana hatari.

"Nilikumbuka yapo matundu," alisema taratibu. "Nikalala bila wasiwasi."

Maneno hayo yalimpiga Bertilla kuliko kofi. Kumbe mwenzao alikuwa ameyategemea yale matundu, na yeye alikuwa ameyaondoa bila kumwambia mtu.

Wanawake walipelekwa hospitali mjini Sumbawanga, wakakaa kwenye oksijeni mchana kutwa na usiku wake. Mama aliamka jioni hiyohiyo, akauliza kama Bertilla amekula. Baada ya siku nne walirudi, na kabla ya mwezi kuisha Dominika alijifungua mtoto wa kiume, Mboje naye wa kike, wote wazima.

Kijiji cha shangazi hakikuliacha jambo hilo hivihivi. Kiliitwa kikao pale kituoni, na wengi walikuja wakiwa na hasira juu ya yule mtoto aliyeziba nyumba kwa udongo. Shangazi Fortunata alimshika Bertilla mkono akasimama naye mbele ya watu. Bertilla alieleza yote: salfeti, uongo wa Jumatano, udongo wa Alhamisi. Hakujitetea.

Ndipo nesi Getruda aliposimama, akasema na yeye ana lake. Akawaongoza watu hadi chumba anachofanyia kazi, akainua kalenda iliyokuwa ukutani. Nyuma yake palikuwa na boksi lililokatwa, limebandikwa juu ya tundu la hewa. Alisema vidole vyake hufa ganzi kwa upepo hata sindano inamtetemeka, na kwa miezi miwili amekuwa akiwapokea watu wanaokohoa kifua humo ndani huku tundu limefunikwa. Watu waliguna, wengine wakaziba midomo.

Mzee Zenon, fundi aliyelijenga jengo, alikohoa, akavua kofia. Alisema ramani ilichorwa kwa ajili ya mahali penye joto, ambako upepo ni rafiki. Yeye ni mzaliwa wa hapa, alijua tangu siku ya msingi kwamba madirisha yametazamishwa vibaya, lakini alijiambia ramani ni ramani, akanyamaza. Hakuna aliyemcheka.

Kazi ilianza wiki iliyofuata. Mzee Zenon alifungua matundu mapya upande wa magharibi, na yale ya mashariki akayatengenezea kinga ya matofali inayovunja nguvu ya upepo bila kuzuia hewa. Wanaume walipanda miti mbele ya jengo. Nje kidogo kikajengwa kibanda kilicho wazi pande mbili, pa kuotea moto mchana, na mablanketi mazito yakaongezwa vitandani. Udongo wa zamani aliutoa Bertilla mwenyewe kwa msumari, tundu baada ya tundu, na ilimchukua siku nzima kwa sababu alikuwa ameukandika vizuri mno.

Jioni nesi Getruda alikuja kumsaidia kufagia.

"Ulitaka mama yako apate joto, na hilo si kosa," alimwambia. "Jengo la wagonjwa nalo ni dawa, Bertilla. Likikosewa, linaumiza anayelala ndani na anayefanya kazi ndani. Lakini likikuumiza, sema. Wewe ulificha udongo, mimi nikaficha boksi, mzee Zenon akaficha alichokijua, na Mboje akaficha jiko. Siku wewe uliposema, watu wanne walipona."

Bertilla alihesabu: mama, Mboje, na watoto wawili. Akaegemeza ufagio, akapanda juu ya kitanda, akanyoosha kiganja mbele ya tundu la mwisho. Hewa baridi ilipita kati ya vidole vyake, na safari hii hakuirudisha nje.