Jagi la Sukari

Kila Jumamosi nyumba ile iliamka kwa mlio wa cherehani. Mama alikuwa fundi nguo, na mteja wa Jumamosi hana subira. Binti yake wa miaka kumi na miwili alifagia sebule, akaosha vyombo, akaokota vipande vya vitambaa chini ya meza. Kabla hujamaliza kumtuma la kwanza, yeye keshalikimbilia la pili. Ndiyo maana nyumbani walimwita Kiherehere, na wala hakukasirika.

Jumamosi hiyo Mama hakushona nguo ya mteja. Alikuwa akimalizia gauni lake mwenyewe, maana mchana kulikuwa na sherehe. Kaka mkubwa alikuwa amehitimu chuo cha ufundi umeme. Baba, dereva wa lori, alikuwa safarini, kwa hiyo mzigo wote ulimwangukia Mama. Tena mgeni wa heshima alikuwa Bibi, mama mzazi wa Baba, ambaye angekuja na Shangazi. Nani anapenda kuaibika mbele ya mama mkwe?

"Vinywaji niachieni mimi," alisema Kiherehere.

"Wewe?" Kaka alicheka. "Si utatunywesha maji ya kuoshea vyombo!"

"Mtaona!"

Mama alikuwa ameinamia pindo, pini kadhaa zimebanwa mdomoni. "Haya, kazi yako," alisema kwa shida. "Ndoo ya tangawizi na ndimu iko tayari. Lile jagi la bluu ni la sukari. Usije ukasahau!"

"Sawa, Mama!" Alijibu akiwa keshafika jikoni.

Alionja tangawizi ya kwenye ndoo: tamu. Akalitoa jagi la bluu kwenye friji, akaonja, akakunja uso. Haikuwa na sukari hata chembe! Kumbe ndiyo maana Mama kamwambia asisahau. Alishika kopo la sukari, kisha akasita kidogo. Kwa nini hili limetengwa peke yake na kufunikwa kitambaa? Mama alikuwa chumba cha pili tu, angeweza kumwuliza. Lakini mtu aliyekwisha kutamba "mtaona", atarudi vipi kuuliza habari ya sukari? Kaka angemcheka mpaka jioni. Basi akamimina, akakoroga vizuri, akaonja. Ilikolea hasa. Akalifunika jagi na kulirudisha kwenye friji.

Mchana sebule ilijaa. Bibi alifika akichechemea na fimbo yake, akaketi kwenye kiti cha mikono. "Mke mwenzangu yuko wapi?" aliuliza, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wa kike. "Au kanifichia mume?"

"Nipo, Bibi! Shikamoo!"

"Marahaba. Umekuwa mrefu, utaniachia nini mimi?"

Watu walicheka. Kiherehere alitoka nje kuwagawia watoto vinywaji uani, akakusanya glasi, akazisuuza, akagawa tena. Kazi ilimnogea, akasahau hata kula. Aliporudi sebuleni, jirani mmoja alikuwa amenyoosha mkono kwenye jagi la bluu, ambalo Mama alikuwa amemwekea Bibi kwenye meza ndogo. Shangazi akamzuia.

"Hilo usiguse, ndugu yangu. Jagi la bluu ni la sukari. Ni la mama yangu peke yake."

Kiherehere alisimama palepale. La sukari! Si la kutiwa sukari, ni la mtu wa sukari. Bibi alikuwa na sukari, ugonjwa uleule ambao mwalimu darasani aliuita kisukari. Siku zote alijua kuwa Bibi hunywa chai kavu. Alijua, na bado hakufikiri. Na jagi lilikuwa limebaki chini ya nusu.

"Mke mwenzangu, niongezee," Bibi alisema, akinyoosha glasi. "Koo limenikauka leo, sijui kwa nini."

"Ngoja... ngoja nikaweke barafu, Bibi." Alilinyakua jagi akakimbilia jikoni.

Jikoni alimkuta binamu yake, mtoto wa Shangazi, akijichukulia biskuti. Huyu walimwita Wakili, kwa sababu hakuna kosa alilokosa maneno ya kulitetea. Kiherehere alimweleza huku akilia.

"Sasa unalia nini?" Wakili alisema. "Mwaga, weka maji ya kawaida. Nani atajua? Ukisema, unaharibu sherehe ya kaka yako, na mama yako anaaibika mbele ya ukoo mzima. Kunywa keshakunywa."

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Kiherehere alimwaga, akasuuza jagi, akajaza maji, akampelekea Bibi. Alidhani moyo ungetulia. Wapi!

Bibi alikunywa glasi ya kwanza ya maji kwa pupa, akaomba ya pili. Akaenda msalani, akarudi, baada ya muda mfupi akaenda tena. Safari hii alirudi amemwegemea Shangazi, macho mazito, hata utani umekwisha. Kiherehere alisimama ukutani na trei yake, akimtazama na kuomba kimoyomoyo: Mungu wangu, acheke tena. Bibi hakucheka.

Kaka alisimama kutoa shukrani. "Nikianza na mama yangu, aliyekesha akishona ili mimi nisome..." Mama alifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Alikuwa na furaha ambayo Kiherehere hajaiona kwake siku nyingi. Nitaikatizaje? alijiuliza.

Shangazi akamnong'oneza Mama, "Mama yangu kachoka na safari. Wacha nikamlaze chumbani, alale mpaka jioni."

"Msimlaze!"

Trei ilianguka, glasi zikavunjika. Watu wote waligeuka. Kaka alinyamaza katikati ya sentensi.

"Nilitia sukari kwenye jagi," alisema Kiherehere, sauti ikikatika. "Nyingi. Mama alisema la sukari, nikadhani litiwe sukari. Bibi kainywa. Halafu nikaimwaga ili msijue. Msimlaze, tafadhali!"

Hakuna aliyemgombeza, maana hapakuwa na nafasi hiyo. Shangazi alifungua mkoba, akatoa kipimo, akamtoboa Bibi kidole. Aliposoma namba, uso ulimbadilika. Mama alipiga simu zahanati. Mganga alisema wampe maji, wasimwache alale, wampeleke mara moja. Jirani aliwasha gari, na Mama akaondoka na gauni lake jipya bila hata kuvaa viatu vizuri.

Walibaki wakingoja. Muziki ulizimwa. Kaka aliokota vipande vya glasi mwenyewe, kisha akaketi sakafuni karibu na mdogo wake. Kiherehere alitamani angalau amcheke. Kila gari lililopita nje, waliinua vichwa wote wawili.

Jua lilikuwa limeshuka waliposikia mlango wa gari. Bibi aliingia kwa miguu yake, taratibu, Mama upande huu na Shangazi upande ule. Sukari ilikuwa imeshuka. Mganga alisema kama wangemwacha alale mpaka jioni, pengine mambo yangekuwa mengine.

Kiherehere alipiga magoti. "Nisamehe, Bibi. Nisamehe, Mama."

Mama alimwinua. "Kosa la jagi tumegawana," alisema. "Mimi nilisema nusu na pini mdomoni, wewe ukajimalizia nusu nyingine. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Anayewanywesha watu lazima ajue nani anakunywa nini, na kwa nini. Lakini kuficha, hilo lilikuwa lako peke yako. Na kusema mbele za watu, hilo nalo ni lako peke yako. Nashukuru hukuchelewa zaidi."

Wakili alikuwa mlangoni. Aliinamisha kichwa, akaipokea fimbo ya Bibi.

"Bibi," Kiherehere aliuliza kwa sauti ndogo, "ulipoonja hukujua kuwa ni tamu?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulikunywa?"

"Nilisema moyoni, mkwe wangu kanitafutia ile sukari yetu wagonjwa, isiyodhuru. Nyumbani kwa mwanangu nianze kuuliza maswali? Mgeni hachunguzi glasi, mke mwenzangu. Anamtazama aliyemkaribisha, anakunywa." Alijiweka sawa kitini. "Haya, niletee maji."

Kiherehere alikwenda jikoni, akaosha glasi, akaijaza maji safi, akaileta kwa mikono miwili. Bibi aliipokea. Hakuitazama ndani. Akanywa yote.