Magunia ya Buluu

Kila asubuhi kabla ya shule, Chepngeno aliteka maji kijitoni, chini ya shamba la chai la wazazi wake, karibu na Bomet. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Jumanne moja, Mwalimu Adongo wa sayansi aliwapeleka wanafunzi kwenye kijito hicho. Alichuja maji kwa kitambaa cheupe, kisha akawapa kioo cha kukuzia. Juu ya kitambaa zilionekana nyuzi za buluu, nyembamba kama nywele.

"Hii ni plastiki," mwalimu alisema. "Jua limeikausha, maji yameisaga. Sijui imetoka wapi."

Chepngeno alijua. Mwaka uliopita mama yake, Rebeccah, alimtuma apeleke magunia makuukuu ya mbolea, ya plastiki ya buluu, kwa mtu wa sokoni anayeyakusanya. Njia ilikuwa ndefu. Aliyasukumia chini ya ukingo wa kijito, akarudi nyumbani na kusema ameyafikisha.

Jioni alikwenda kuyatoa. Aliposhika la kwanza, lilimvunjikia mikononi kama jani kavu, vipande vikachukuliwa na maji. Akatandaza leso juu ya ndoo, akaanza kuchuja. Ndoo ya kwanza, nyuzi. Ya kumi, nyuzi. Kijito kiliendelea kushuka tu. Akaketi matopeni, akalia.

Mama yake alimkuta hapo, Chepngeno akamweleza yote.

"Kumbe plastiki hii ndiyo tunayokunywa," mama alisema polepole.

"Nisamehe, mama."

Kesho yake Chepngeno alimweleza Mwalimu Adongo, naye akaja kuwasaidia. Walichimba kwa uangalifu, wakayatoa magunia yaliyosalia pamoja na udongo wake, mama akayapeleka sokoni mwenyewe. Tangu siku hiyo wakawa wanakunywa maji ya chemchemi iliyo juu zaidi.

"Na nyuzi zilizokwisha kwenda, mwalimu?" Chepngeno aliuliza.

Mwalimu alinawa mikono kabla ya kujibu. "Maji haya huishia Ziwa Victoria. Kwetu ni huko. Mama yangu huanika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni. Nyuzi hizo hatuwezi kuzirudisha, Chepngeno, wewe wala mimi. Ungesema kweli siku ile ile, ungerudi ukayabeba magunia yakiwa mazima. Kosa ukilificha, linaendelea kusambaa hata wewe ukiwa umelala."

Chepngeno aliitikia kwa kichwa.