Usipite na Keria Tupu

Jirani yetu Scovia alifundisha Kifaransa katika shule moja ya wasichana huko Homa Bay, na katika miaka ile ya tisini hilo peke yake lilitosha kumfanya azungumziwe sokoni. Jambo la pili lililowapa watu maneno lilikuwa baiskeli yake. Siku za shule alifundisha, siku za likizo alizunguka: leo Kendu Bay, kesho Rangwe, keshokutwa huko ambako hana shangazi wala mjomba. Alikuwa Msabato wa kuzaliwa, mwimbaji wa kwaya, na habari za mizimu aliziita porojo za watu waliokosa kazi.

Agosti moja alipata mgeni. Maryvonne alikuwa mwalimu mwenzake kutoka Ufaransa, mwanamke mrefu, mkavu, mcheshi, aliyekuja na baiskeli yake ndani ya ndege. Kwao mashambani, alisema, reli za zamani zimeng'olewa na kugeuzwa njia za baiskeli. Hupiti gari wala gari halikupiti. Unaendesha kutwa nzima katikati ya malisho ya ng'ombe, juu ya madaraja ya mawe, na unachosikia ni mnyororo wako tu. Scovia alisikiliza kama mtoto anayeelezwa habari za mbinguni. Yeye alizoea lori za miwa za Awendo, zinazompita mtu zikiyumba, miwa ikining'inia na kumchapa mgongoni hadi mtaroni.

"Hata hapa kwenu lazima iko njia isiyo na magari," Maryvonne akamwambia. "Tuitafute."

Wakaitafuta, wakaipata.

Walitoka Awendo asubuhi na mapema, wakaiacha lami nyuma ya mashamba ya miwa, wakashika barabara ya zamani ya changarawe iliyoelekea upande wa ziwa. Ilikuwa barabara ya haja. Ilichongwa vizuri, pana, lori mbili zingepishana bila kugusa nyasi. Lakini nyasi zilikuwa zimeota katikati, na vipepeo walitua juu ya mawe bila wasiwasi. Maryvonne alipiga kengele yake na kucheka. Alitaka kujua kwa nini barabara nzuri namna hiyo haina hata trekta moja.

Scovia akagundua pia kwamba tangu waiingie, hawakuwa wamepishana hata na mtu wa miguu.

Kituo cha mwisho kabla ya mteremko kilikuwa na vibanda vichache. Wakasimama kununua ndizi kwa mama mmoja aliyeitwa Nyarangi. Mama huyo alizipima baiskeli zao kwa macho kwanza, ndipo akawatazama wao. Mikoba ilikuwa imening'inizwa ubavuni mwa magurudumu. Juu ya keria hapakuwa na kitu.

"Mwalimu, mnashuka huko chini?"

"Tunashuka, mama."

"Basi fungeni kitu hapo nyuma. Hata mawe tu. Pale kwa mto hapapitwi na keria tupu."

Scovia akamuuliza sababu. Nyarangi akashusha sauti, akaanza kupanga ndizi ambazo zilikuwa tayari zimepangika. Alisema kuna pikapu ilisombwa na mafuriko pale kivukoni, imejaa watu wa kutoka soko. Wengine walipatikana wakazikwa kwao. Wengine mto ulikaa nao. Baada ya hapo, gari ikishuka na nafasi ndani, inapanda upande wa pili ikiwa nzito, injini inalia. Madereva wakaihama njia hiyo mmoja mmoja.

"Wanataka tu kufika nyumbani," akasema. "Wakiona nafasi, wanapanda."

"Anasema nini?" Maryvonne akauliza, mdomo umejaa ndizi.

"Anasema njia ni mbovu. Twende polepole," Scovia akajibu, kwa kuwa aliona haya kuyatia maneno yale katika Kifaransa. Wakapanda baiskeli zao. Nyarangi hakuwapungia mkono. Alikuwa ameshageuza kiti chake, ameipa barabara mgongo.

Mteremko ulikuwa mtamu. Upepo ukawajaa mashati. Walipokaribia chini, Scovia alisikia jinsi palivyo kimya. Hata ndege hawakulia. Ilikuwa mchana mweupe, jua liko utosini, na mto wenyewe ulikuwa kijito tu kilichopita juu ya kivuko cha zege, maji yasiyofika hata kwenye vifundo vya miguu. Maryvonne akapita kwanza. Scovia akamfuata.

Katikati ya maji, baiskeli ilizama kidogo nyuma.

Aliijua hali ile. Amembeba dada yake mara nyingi. Ni vile mtu anaporuka na kukaa upande, na keria inalia chini yake.

Akafikiri ni pancha. Alipotoka majini akashuka, akabonyeza tairi. Lilikuwa limejaa upepo. Lakini pale chini, lilipogusa ardhi, lilikuwa limelala, limetanuka kama tairi lenye mzigo.

Akapanda tena. Alitaka tu kuondoka pale. Kilima kilikuwa cha kawaida, ila pedali zilimgomea. Mapaja yakawaka moto. Nyuma yake pakawa na harufu ya nguo iliyolowa na kukaa.

Mbele yake Maryvonne naye alikuwa amesimama juu ya pedali, anahema. Akageuka kumtazama mwenzake, tabasamu likiwa limeanza. Halikumalizika.

"Mary? Kuna nini?"

"Usiangalie nyuma." Ilikuwa sauti ya kunong'ona. "Endesha."

Scovia hakuangalia. Alijaribu kuimba wimbo wa kwaya. Kisha akahisi baridi kiunoni. Akainamisha macho. Blauzi yake ilikuwa imelowa pande mbili, kulia na kushoto. Mahali hasa anaposhika mtu anayebebwa.

Juu ya kilima njia iligawanyika. Wao walikuwa waende moja kwa moja. Usukani wa Scovia ukavuta kushoto. Akaurudisha. Ukavuta tena, taratibu, kama mtu anayemwelekeza dereva: hapa, hapa ndipo kwetu.

Wakajikuta ndani ya boma lenye ua wa minyaa. Mama mzee alikuwa ameketi mlangoni akimenya njugu. Walikuja kujua baadaye kwamba anaitwa Bathsheba. Hakuwaamkua. Alitazama nyuma ya bega la Scovia, na ungo ukamponyoka, njugu zikatawanyika uani.

"Ondiege," akasema. "Wuoda. Mwanangu, mbona umelowa hivyo?"

Akaja. Akanyoosha mikono, akashika hewa juu ya keria kama unavyomshika mgonjwa makwapani, akaishusha. Baiskeli ikainuka ghafla, ikawa nyepesi hivi kwamba Scovia aliyumba, nusura aanguke. Mama yule akaenda zake polepole, mkono umezunguka kiuno ambacho hakikuwapo, akinong'ona maneno ya kumliwaza mtu. Akaingia ndani. Mlango ukafungwa.

Alipotoka, uso ulikuwa umelowa machozi. Akaishika mikono ya Scovia.

"Erokamano, nyathina. Asante, mwanangu. Tangu mto umchukue sijawahi kufunga huu mlango."

Kisha akaigeukia baiskeli ya Maryvonne. Akarudi nyuma hatua moja.

"Na huyu mwingine ni wa nani?"

"Yupi, dani?" Scovia akamuuliza bibi huyo.

"Huyu aliyemkumbatia mzungu shingoni. Mimi simjui."

Safari hii Scovia alitafsiri kila neno. Maryvonne hakucheka. Mkono wake ulipanda wenyewe hadi kwenye kola, ukashuka umelowa. Bathsheba alimuuliza yule asiyeonekana, kwao ni wapi, kwa Dholuo, kisha kwa Kiswahili. Akasubiri, sikio limeinamishwa. Akatikisa kichwa.

"Hajibu. Na hataki kushuka. Mwambie rafiki yako aiache baiskeli hapa, tutaitafutia watu wa kuiombea."

"Iache, Mary. Nakusihi."

"Ni baiskeli tu," Maryvonne akasema, kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe. Akaisukuma kwa miguu hadi Homa Bay, na njia nzima tairi la nyuma lilikuwa limelala. Kabla ya likizo kwisha aliifungua, akaitia katika boksi lake, akarudi nayo kwao.

Boma la Bathsheba lilifanya mazishi ya Ondiege. Mwili haukuwapo, kwa hiyo walizika tunda la yago, lile refu la mvungunya, ndani ya jeneza, kama ilivyo desturi kwa mtu aliyemezwa na maji. Scovia, yule Msabato wa porojo, alisimama kaburini na kutupa udongo wake kama dada wa marehemu. Usiku ule, walisema, mama mzee alifunga mlango na kulala hadi jua likatoka.

Mwezi uliofuata simu ikalia katika ofisi ya shule. Ilikuwa Maryvonne. Hapandi baiskeli tena, alisema. Ameitundika darini ghalani, magurudumu hayagusi chini. Akauliza kama huko kwetu udongo ni mwekundu kila mahali. Scovia akamwambia karibu kila mahali.

"Hapa kwetu udongo ni mweusi," Maryvonne akasema. "Lakini kila asubuhi nakuta nyayo nyekundu sakafuni, mbichi, za miguu mitupu. Zinaanzia chini ya baiskeli, zinavuka ua, zinaingia jikoni. Zinazotoka sijaziona."